Huyu wa "kwangu inafanya kazi" leo amevuka mpaka

MchomaLogi

Wakuu, leo sisalimii mtu. Mikono inatetemeka.

Mnamjua, ni mwandishi wa programu mwenzetu. Nusu ya humu mmeshafanya naye kazi, nusu nyingine mmeshasafisha alichokiacha. Hedifoni shingoni kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa na hakuna aliyewahi kumwona anasikiliza kitu. Jina silitaji, wasimamizi watafuta uzi.

Leo asubuhi, mbele ya mama mwenye duka, mbele ya bosi, mbele ya keshia mwenyewe ambaye macho yalikuwa mekundu kwa kulia, jamaa kageuza laptopu yake tuione wote, kabonyeza "Uza", risiti imetokea, halafu kasema: "Mbona kwangu inafanya kazi? Muulizeni huyo dada hela kaweka wapi."

HUYO DADA HELA KAWEKA WAPI!

Sasa sikilizeni. Mfumo wa mauzo wa hilo duka una vipande viwili. Kuna programu ya kaunta, imeandikwa kwa lugha ya C#, inakaa kwenye Windows pale dukani. Kuna na ripoti za kwenye brauza, mama anazifungua kwa simu akiwa nyumbani. Duka ni la vinywaji, jumla na rejareja, linafungwa saa sita kasoro usiku, na Jumamosi hela yenyewe inaanza kuingia saa tatu usiku. Ripoti ya Jumamosi ikaonyesha mauzo kidogo kuliko hela iliyokuwa kwenye droo. Kimya, nani analalamikia hela iliyozidi? Ripoti ya Jumapili ikaonyesha mauzo makubwa kuliko hela ya kwenye droo. Hapo ndipo kelele zikaanza, na Jumatatu dada wa watu kaamka mwizi.

Nimekesha na hizo logi, yaani kumbukumbu za mfumo. Chukua risiti moja tu, ya kreti mbili za soda. Karatasi iliyotoka kwenye mashine pale kaunta inasema Jumamosi 21:47. Ripoti inasema Jumapili 00:47. Nyingine 22:15, ripoti 01:15. Zote zimerukia mbele masaa 3, hakuna hata dakika moja ya ziada. Mtu yeyote anayeandika programu kuanzia Mogadishu mpaka Mtwara akiona masaa 3 kamili hahitaji kuambiwa, hiyo ni UTC+3, yaani saa yetu iko masaa 3 mbele ya UTC, saa ya dunia ambayo kompyuta zinalinganishia. Programu ya kaunta inachukua DateTime.Now, yaani saa ya ukutani ya Dar, inaituma tupu bila kusema ni saa ya wapi. Seva tuliyokodi inaishi kwenye UTC, inaipokea ile 21:47 kama 21:47 ya UTC. Ripoti ikitaka kuionyesha inaigeuza kwenda Africa/Dar_es_Salaam, inaongeza 3. Kila kilichouzwa baada ya saa tatu usiku kinahamia kesho yake.

Na kwenye laptopu yake? Kaunta, seva na brauza vyote viko kwenye mashine moja yenye saa ya Dar. Hakuna cha kugeuzwa, hakuna cha kuongezwa. ITAACHAJE KUFANYA KAZI KWAKE? Ingeweza kufanya kazi kwake mpaka kiama, duka limefilisika na keshia yuko gereza la Segerea!

Haya nilishayaandika kwenye kundi la ofisi jana, na skrinshoti juu. Akajibu kwa kidole gumba.

Halafu baada ya kikao kafanya "marekebisho". Kaingia kwenye ripoti kaweka AddHours(-3), yaani punguza masaa 3 kwenye kila kitu, kapandisha kwenye seva, kaenda kula. Wakuu, oda zinazoingizwa kwa simu na vijana wa usambazaji zilikuwa SAHIHI tangu mwanzo, maana ule upande unahifadhi UTC vizuri. Sasa zote zimerudi nyuma masaa 3. Gari lililopakiwa saa kumi na mbili asubuhi linasomeka limepakiwa saa tisa usiku, na mchana huu mlinzi kaanza kuulizwa anamfungulia nani geti saa tisa usiku. Kamtoa keshia kamwingiza mlinzi!

DateTimeOffset, aina ya tarehe inayobeba saa pamoja na tofauti yake na UTC, imo ndani ya .NET, jukwaa la C#, tangu 2007. Tuma saa pamoja na +03:00 yake, hifadhi kwa UTC, geuza unapoonyesha, basi. Na sisi ndio tuliobarikiwa, hatusogezi saa mbele na nyuma kila msimu kama Ulaya, ni +3 Januari mpaka Desemba. Ukishindwa hii ya kwetu, ya London utaiweza wapi?

Yule dada alikuwa na daftari mkononi. Anaandika kila mauzo kwa kalamu, na saa pembeni. Muda wote wa kikao amelishika, hakuna aliyemwomba alifungue. Nimelichukua mimi, linalingana na risiti mstari kwa mstari. Na mtu kasimama mbele yake kasema "muulizeni huyo dada hela kaweka wapi", kavaa hedifoni yake kaondoka. Hajaombwa radhi mpaka sasa ninavyoandika.

Kipanga_wa_Temeke

Insha yote hii na jina hutaji. Sisi tumjuaje?

binti_seva

Kipanga, wewe pekee yako ndiye humjui. Kwetu alikaa miezi mitatu, mpaka leo kuna faili linaitwa mwisho_mwisho_SASA2 hakuna anayethubutu kuligusa.

Jabali77

Mkuu mbona kwangu huu uzi unafunguka vizuri tu?

Kipanga_wa_Temeke

😂😂😂 Jabali umeua.

MchomaLogi

Jabali, mtu kaitwa mwizi mbele ya mwajiri wake. Sioni cha kucheka.

binti_seva

Tena hilo jaribio lilikuwa la dakika mbili. Badili saa ya laptopu iwe UTC, uza soda moja saa nne usiku, angalia ripoti. Wanajaribu saa nne asubuhi wakishakunywa chai, tarehe haiwezi kuruka saa nne asubuhi hata ukiongeza masaa 3 mara nne.

Jabali77

Saa nne asubuhi ukiongeza masaa 12 ni saa nne usiku. Kweli, tarehe ni ile ile. Nimepiga hesabu.

mtoto_wa_pangani

Afadhali wako kasema "kwangu inafanya kazi". Wangu anasema "API yako imekufa" (API ni mlango ambao programu nyingine zinapitia kuomba data) kwenye kundi lenye mkurugenzi ndani. Anaijaribu kwa Postman, programu ya kupimia API, inajibu, anaijaribu kwenye brauza inagoma, hitimisho lake ni kwamba mimi sijui kazi. CORS hiyo, sheria ya brauza kuhusu tovuti ipi iruhusiwe kusoma majibu ya seva nyingine! Anayezuia ni brauza, na Postman si brauza, haina habari na hayo mambo. Nikamwambia seva lazima irudishe Access-Control-Allow-Origin, inayotaja anwani iliyoruhusiwa. Kaweka nyota (*), yaani yeyote. Halafu anatuma na kuki za kuingilia, na nyota haikubaliki ukituma kuki, lazima utaje anwani yenyewe. Imegoma tena, karudi tena kwenye kundi: "API bado imekufa."

Kipanga_wa_Temeke

Huyo wako mwite aje huku, nimkabidhi wangu wabadilishane. Wangu anahifadhi picha kwa jina Nembo.PNG, kwenye ukurasa anaandika nembo.png. Windows haijali herufi kubwa wala ndogo, kwake inaonekana. Tukipandisha kwenye seva ya Linux picha hakuna. Kila mwezi nembo ya mteja inapotea na kila mwezi anasema mtandao uko chini.

MchomaLogi

Ni ugonjwa ule ule! Kote ni mtu anapima kwenye mashine yake halafu anamhukumu mwenzake. Ila nyie hakuna aliyetajwa kuiba hela. "Muulizeni huyo dada hela kaweka wapi." Hii sentensi nimekuwa naisikia siku nzima.

fundi_wa_zamani

Kijana, punguza jazba. Kwenye miaka yetu ukikosea tarehe unaandikiwa barua.

mtoto_wa_pangani

Mzee miaka yenu mlikuwa mnahifadhi mwaka kwa tarakimu mbili, dunia nzima ikalala macho kuamkia 2000. Tuacheni.

fundi_wa_zamani

Tulikuwa tunabana nafasi, diski zilikuwa ghali. Na tulirekebisha kabla. Nyie mna nafasi ya kumwaga na bado DateTime.Now.

binti_seva

Tukiwa kwenye tarehe, kwenye JavaScript, lugha ya kurasa za brauza, kuna shetani wa namna yake. Andika new Date("2025-03-01"), inasomwa kama usiku wa manane wa UTC. Andika "2025-03-01T00:00", inasomwa kama saa ya hapo ulipo. Tarehe ile ile, herufi chache zimeongezeka, maana imebadilika. Halafu Januari ni mwezi wa 0. Kuna mtu kwetu alitoa ankara zote za Januari zikasomeka Februari, wateja wakagoma kulipa.

Jabali77

Wateja wa Bongo wangegoma hata kama ingesomeka Januari.

mvuvi_wa_kilindini

Nyinyi mwalilia saa, mimi huku Mombasa nalilia sifuri. Mteja kaniletea faili la nambari za simu za wateja wake, kalifungua kwa Excel "aangalie kidogo" kisha akahifadhi. Kila 07 imekuwa 7. Sifuri zote zimekwenda. Mfumo wa kutuma SMS umezikataa nambari zote, na mteja yuasema mimi ndiye niliyezifuta.

Kipanga_wa_Temeke

Excel haina kosa. Umeipa namba, namba haianzi na sifuri.

mvuvi_wa_kilindini

Nambari ya simu si nambari! Waijumlisha? Waigawanya kwa mbili? Ni maandishi yaliyoandikwa kwa tarakimu. Mwenye kuihifadhi kama INT, yaani namba ya hesabu, kwenye hifadhidata apokonywe nenosiri.

binti_seva

Naunga mkono. Na hata maprofesa Excel imewashinda. Mwaka 2020 kamati inayotoa majina ya jeni za binadamu ilibadilisha MARCH1 ikawa MARCHF1, SEPT1 ikawa SEPTIN1, kwa sababu Excel ilikuwa inazigeuza tarehe. Imekuwa rahisi kubadilisha jina la jeni kuliko kuisubiri Excel.

Kipanga_wa_Temeke

Jeni na namba za simu wapi na wapi?

binti_seva

Programu inakisia ulichomaanisha badala ya kuuliza. Ndiyo hiyo hiyo seva iliyokisia saa ya kaunta ni UTC.

MchomaLogi

Asante dada. Turudi kwenye mada basi. Bosi kanipigia, anasema niache kuchochea, "mifumo yote ina changamoto". Nimemuuliza changamoto gani inayomtoa mtu machozi mbele ya watu? Nataka lile neno lirudishwe pale pale liliposemwa, mbele ya wale wale, na mlinzi aachwe.

Jabali77

Mkuu safari hii sikucheki. Mpeleke mama mwenye duka ile risiti ya 21:47 na daftari, usipitie kwa bosi.

fundi_wa_zamani

Ukimruka bosi utatafuta kazi. Mimi nimesema.

mtoto_wa_pangani

Mvuvi, sifuri zako si uongeze tu 0 mbele kwa programu? Namba zote zina tarakimu 9, weka 0, umemaliza.

mvuvi_wa_kilindini

Si zote. Nyingine ni za Tanzania, nyingine za Oman, wateja wake wana jamaa Muscat. Za Oman zina tarakimu 8 na hazina sifuri ya mwanzo. Nikiongeza kwa mkumbo naharibu.

Kipanga_wa_Temeke

Weka na alama ya nchi. +254, +255, +968. Habari imekwisha.

mvuvi_wa_kilindini

Nimefanya hivyo mumo humo kwenye Excel. Alama ya kujumlisha imeliwa, na za Kenya sasa zasomeka 2.54722E+11. Hata za watu tofauti zafanana. Na nimeshahifadhi kama CSV, faili la maandishi matupu.

binti_seva

Subiri! Umehifadhi zikiwa zinaonekana hivyo? CSV inachukua kinachoonekana kwenye seli. Tarakimu za mwisho zimekwenda, hazirudi. Kama bado hujalifunga, bonyeza Ctrl+Z mpaka zirudi.

mvuvi_wa_kilindini

Nimelifunga.

binti_seva

Omba faili upya kutoka kwenye mfumo wake, si hilo alilolifungua. Usilibofye mara mbili. Fungua Excel tupu, nenda Data, leta kutoka Text/CSV, safu ya simu ichaguliwe Text kabla hujapakia. Za Oman utazijua kwa urefu.

fundi_wa_zamani

Au acha Excel kabisa, tumia hati fupi ya Python, soma kila safu kama maandishi.

Kipanga_wa_Temeke

Python tena. Sasa hivi mtaanza ule ubishi wa kusogeza mstari kwa nafasi au kwa tabo.

fundi_wa_zamani

Nafasi nne. Hakuna mjadala.

mtoto_wa_pangani

Tabo! Kila mtu apange upana anaoutaka kwenye kihariri chake.

mvuvi_wa_kilindini

Ndugu zangu, nimefungua uzi wangu wa sifuri na Excel. Njooni kule na hizo tabo zenu.