Naomba ushauri: nimepewa notisi ya kuondoa kizuizi kwenye njia ya miguu, Mtwara mjini

MamaPacha: Ndugu zangu, wakubwa shikamooni. Juzi mgambo aliniletea notisi ya siku 14 inayonitaka niondoe kizuizi kwenye njia iliyo kati ya nyumba yangu na ya jirani. Michongoma yangu imetoka nje kidogo, nami niko tayari kuipunguza, ila sipati usingizi kwa sababu notisi inataja faini na kubomolewa. Je, kwa michongoma tu naweza kushtakiwa?

BintiLindi: Ikate leo, dada. Siku tulipofiwa na baba, waliobeba jeneza walikuta kichochoro kimebanwa na choo cha mtu, ikabidi warudi na kuzunguka hadi barabara kubwa huku jua likizama. Mpaka leo nikipita pale moyo unaniuma.

Fundi_Mikindani: Michongoma hukatwa, haibomolewi. Kuna nini kingine hapo?

MamaPacha: Kuna msingi wa ukuta, umefika kozi tatu. Umeingia njiani kama hatua moja, lakini mtu bado anapita. Wezi wameniingilia mara mbili msimu wa korosho, na tofali nimeshalipia. Nilidhani nikimaliza kabla ya siku 14 wataniachia.

Mpimaji: Usiongeze hata tofali moja. Njia iliyomo kwenye mchoro wa mipango miji haimo katika kiwanja chako wala cha jirani, na Sheria ya Mipango Miji ya mwaka 2007 inataka kibali kabla ya kuendeleza eneo. Baraza la Kata nalo, tangu marekebisho ya 2021, husuluhisha tu migogoro ya ardhi, halitoi hukumu. Nenda ofisi ya mipango miji, uombe waonyeshe bikoni zako, yaani alama za mipaka ya kiwanja, zilipo.

MzeeWaKata: Mimi nina shaka. Amejiunga leo, na mwenye hofu ya kubomolewa hasahau ukuta. Huenda huyu ndiye jirani, anatafuta maneno ya kwenda kumshtaki mwenzake.

Fundi_Mikindani: Hata mimi nimeanza kuwaza hivyo. Dada, njia imebaki upana gani?

MamaPacha: Nimetoka kupima sasa hivi: sentimita 70. Ukuta sikuusahau, niliona aibu, kwa sababu aliyelalamika ni mzee anayetembelea fimbo na njia hiyo ndiyo yake ya kwendea msikitini. Fundi nimemwambia asije kesho. Lakini tofali zangu je?

Mpimaji: Zihifadhi. Utazijengea ndani ya bikoni, ukishapata kibali.