Kwikwi haziishi tangu niwekewe pesmeka, GP na kliniki wananirushiana

Baba Imani:
Habari za jioni wanajumuiya, nisameheni kwa urefu. Niko hapa Uingereza, leo siku ya 9 tangu niwekewe pesmeka, kile kifaa cha kusukuma mapigo ya moyo kwa umeme, na chini ya mbavu za kushoto kuna kitu kinaruka, tik tik tik, juu yake kwikwi, nikilalia ubavu huo ndo usiseme. Kidonda chenyewe kikavu, sina homa. Ila jana nimesimama bafuni nikaona giza nikashika ukuta. GP, yaani madaktari wa mtaani kwangu, wanasema mambo ya pesmeka ni ya kliniki ya hospitali, kliniki inaongea mashine tu, nimeacha ujumbe mara 3. Huku HR wa kazini wananiandikia kwamba zile siku 7 za kujiandikia mwenyewe kwamba naumwa zimekwisha, wanataka fit noti, ile cheti ya ugonjwa, na wanauliza lini narudi kuendesha basi. Sasa hiyo fit noti anatoa nani, hospitali au GP? Na hizi kwikwi kuna aliyezipata?

Mama Zuhura:
Pole sana shemeji. Mimi nilifanyiwa 2021, pale chini ya mtulinga pakavimba kama ngumi, pakawa peusi. Daktari mmoja akataka kuchoma sindano avute damu, bahati nikampigia nesi wa pesmeka, alifoka huyo, akasema mfuko wa pesmeka hauchomwi sindano unaingiza vijidudu. Uvimbe ukaisha wenyewe, kwa hiyo usiogope sana. Mkono wa kushoto usiupandishe juu ya bega wiki za mwanzo, simu usiweke mfuko wa shati. DVLA, wale wa leseni za udereva, umewaambia? Ukikaa wiki 1 tu unaruhusiwa kuendesha.

Juma:
Dada samahani lakini hapo unampotosha. Wiki 1 ni gari dogo. Kaka kasema basi, basi na lori ni wiki 6, na fomu yake VOCH1 sio H1, mimi nilijaza H1 kwa makosa nikapoteza muda mwingi sana. Halafu habari ya usiogope, wewe ulikuwa na uvimbe, mwenzio anaona giza, hayo ni mambo mawili. NI, ile bima ya taifa, tunakatwa kila mwezi halafu mtu anaumwa moyo anaambiwa acha ujumbe, inauma jamani.

Mama Zuhura:
Sijasema asiende hospitali Juma. Soma vizuri kabla hujamrukia mtu.

Dada Rehema:
Niko wodi ya moyo miaka mingi, naomba DVLA ikae pembeni kwanza. Baba Imani, waya wa pesmeka wiki hizi za mwanzo haujashikamana vizuri na moyo, unaweza kusogea. Ukisogea, umeme unaotakiwa kugonga moyo unaenda kugonga kiwambo, msuli wa kupumulia ulio chini ya mapafu, au mshipa wake wa fahamu, ndo hizo kwikwi na kuruka. Zingekuwa kwikwi peke yake pengine wangepunguza tu nguvu kwa kompyuta yao na ukarudi nyumbani. Ila pamoja na kuona giza, huenda moyo wenyewe haupati mapigo unayotegemea. Nenda emajensi leo, usingoje kliniki wapige. Chukua ile kadi ya pesmeka, waambie hivyohivyo ulivyotuandikia, waombe ECG, kile kipimo cha umeme wa moyo, eksirei ya kifua na pesmeka ichekiwe. Usiendeshe mwenyewe. Ukizimia, au pumzi ikikata, au kifua kikichoma ukivuta pumzi, piga simu ya dharura 999 hapohapo.

Mzee Hamisi:
Mwanangu msikilize Rehema. Mimi usiku ule wa kwanza nililala nasikiliza moyo kama mtu anayesubiri hodi. Ndugu walipiga simu wote, wakalia, wakaomba dua, lakini simu haikushiki mkono kukupeleka msalani. Nilitamani mtu mmoja tu aniambie kwa Kiswahili wamenifanya nini. Nesi akanisimulia habari za Arne Larsson, mtu wa kwanza kuwekewa hiki kitu mwilini, Stockholm 1958, cha kwanza hakikumaliza hata siku, wakambadilishia tena na tena, akaishi mpaka 2001. Nikalala. Andika ukifika hospitali, hata kama ni saa 8 usiku mimi niko macho.

Juma:
Shikamoo mzee. Kaka uko maeneo gani, mimi nina gari, nakuja sasa hivi.

Baba Imani:
Niko wodini, Juma kanileta, Mungu ambariki. Eksirei imeonyesha waya wa chini umetoka mahali pake, kesho asubuhi wanafungua tena waurudishe. Kwikwi bado. Nimefungwa mashine ya moyo, nesi anapita kila baada ya muda. Mzee nimekusikia. HR wameandika tena leo saa 10, nimemuuliza daktari wa wodi habari ya fit noti kasema niulizie GP, kwa hiyo kama kuna anayejua naomba aandike, simu anabaki nayo mama Imani, yeye ndo atasoma.