MREJESHO: Subaru iliyokuwa inakula tairi kwa ndani

Wakuu, mwezi wa tatu niliwauliza kwa nini Impreza yangu inamaliza tairi za mbele upande wa ndani tu, na ninunue tairi gani. Nimerudi na majibu.

Kumbe matatizo yalikuwa mawili. Tairi zilizokuja na gari kutoka Japani zilikuwa za theluji. Mpira wake ni laini, na kwenye lami ya Dar saa nane mchana unaisha kama kifutio. La pili ndilo lililonitisha: bushi za wishboni (vipira kwenye maungio ya mkono wa chuma unaoshika gurudumu la mbele) zilikuwa zimechanika. Fundi alichomeka mtaimbo, akasukuma kidogo, chuma kikacheza mbele ya macho yangu. Alaimenti (kunyoosha mkao wa magurudumu) mbili nilizolipia kabla ya hapo zilikuwa hela ya bure, maana vipimo havikai bushi zikiwa zimekufa. Tulipovua tairi ya kushoto, nje meno yamesimama, ndani nyaya zinachungulia. Na nilikuwa nabeba watoto humo!

Nimebadilisha bushi kwanza, kisha tairi, alaimenti ikawa ya mwisho. Nimechukua Michelin Pilot Sport 4, saizi 225/45 R17, zote nne, kwa sababu Subaru ya 4WD haitaki tairi zenye vimo tofauti. Kabla ya kulipa someni tarakimu nne za mwisho za DOT, ile namba iliyochapwa ubavuni mwa tairi: 2325 maana yake imetengenezwa wiki ya 23, mwaka 2025.

Kilomita 4,000 sasa, ndani na nje zinaisha sawasawa. Kwenye mvua breki zinashika vizuri mno. Mdau uliyesema "kagua bushi kwanza", Mungu akubariki.