Ugiriki kwa wiki moja, kijiji cha pwani kisicho na fujo: nani ameshafika?

Kutoka: Mama Watatu, Leicester
Machi 2025

Shikamooni wakubwa, na wengine hamjambo.

Mwaka huu hatuendi nyumbani. Nalisema hadharani ili nisije nikarudi nyuma. Miaka sita mfululizo likizo yetu ni Mombasa, na kila nikirudi nataka likizo nyingine ya kupumzikia ile likizo. Masanduku manne ya zawadi, harusi mbili, kikao cha ukoo, shangazi wa kuniambia nimekonda, na siku ya kwenda baharini ni moja tu, tena watu ishirini na sufuria ya pilau. Nawapenda wote. Lakini safari hii nataka siku saba za kulala, kuogelea na kula samaki aliyepikwa na mtu mwingine.

Mume wangu kasikia habari za Ugiriki. Visiwa vya disko hatuvitaki. Watoto wana miaka 4, 7 na 11. Wao na baba yao wana pasi za Uingereza, mimi bado na ya Kenya. Twende kijiji gani? Viza inakuwaje? Halali tutakula nini? Na je, watatukodolea macho?

---

Kutoka: Baba Mkubwa, Rotterdam

Marahaba mwanangu. Kabla wengine hawajakujibu, mimi nina swali moja: bahari ya Nyali imekukosea nini? Mtu kazaliwa na mchanga mweupe miguuni, halafu anapanda ndege kwenda kulalia mawe ya watu! Na shangazi yako akisikia ulikuwa na nauli, jibu unalo?

Nauliza tu.

---

Kutoka: Dada wa Stuttgart

Shikamoo Baba Mkubwa. Shangazi ataambiwa nauli ya Ugiriki ni robo ya nauli ya Mombasa, na ndiyo kweli yenyewe.

Dada, sisi tumekwenda mara mbili, mwaka juzi na mwaka jana. Naandika kirefu, asiye na haja aruke.

Tafuta upande wa Mani, kusini mwa Peloponnese, ile rasi kubwa ya kusini mwa Ugiriki. Kuna vijiji vitatu vimefuatana kando ya bahari: Kardamyli, Stoupa na Agios Nikolaos, na nyuma yao umesimama mlima Taygetos, mita 2,407, kama ukuta. Kardamyli ndicho kizuri kwa macho, nyumba za mawe na mnara wa kale, lakini ufukwe wake ni kokoto na mtoto wako wa miaka minne atalia. Agios Nikolaos ni kibandari cha wavuvi, boti chache, paka wengi, na migahawa imejipanga ukingoni mwa maji kiasi kwamba ukiangusha kijiko unakitafuta baharini. Hapo ndipo moyo wangu ulipobaki. Mchanga uko Stoupa, mwendo mfupi tu, kwa hiyo sisi tulilala Agios Nikolaos na kuoga Stoupa. Stoupa ina wageni wengi kidogo, wazee wa Kiingereza hasa, ila ikifika saa nne usiku wote wamelala.

Ukifika Stoupa usikose kijighuba kinachoitwa Kalogria. Chini ya bahari pale kuna chemchemi za maji baridi zinazoshuka toka milimani. Unaogelea kwenye maji vuguvugu, mara tumbo linapita juu ya baridi kali, kama mtu kafungua friji chini yako. Wanangu siku nzima walikuwa wanatafuta "friji". (Mwandishi Kazantzakis aliishi hapo mwaka 1917 alipokuwa kwenye machimbo ya makaa ya mawe na Zorbas, yule aliyekuja kumtungia riwaya. Wenyeji watakuhadithia hata usipouliza.)

Uwanja wa ndege wa karibu ni Kalamata, na majira ya joto kuna ndege za moja kwa moja toka Uingereza. Toka uwanjani hadi Stoupa ni kilomita 50 na ushee, lakini zisikudanganye hizo kilomita. Barabara inapanda mlima na kushuka kwa kona za kukunja shingo. Mwanangu alitapika kona ya kumi, mimi nikavumilia hadi ya kumi na tano. Chukua mifuko, na kaa mbele. Mabasi ya abiria ya KTEL yapo ila ni machache kwa siku, na mwisho wa wiki yanapungua zaidi. Mkikodi gari, leseni ya Uingereza inatosha. Mwenye leseni ya nyumbani peke yake awe na kile kibali cha kimataifa cha udereva.

Msiende Agosti. Tarehe 15 Agosti ni sikukuu yao kubwa ya Bikira Maria, na Wagiriki wenyewe wote wanarudi vijijini kwao, yaani kama Krismasi ya Wachaga. Vyumba hupati, na ukipata utalipa hadi uchoke. Juni ni pazuri, Septemba ni pazuri zaidi kwa sababu bahari imeshapata joto la miezi yote.

Mambo mawili yaliyonigharimu. La kwanza, kodi ya tabianchi. Haimo kwenye bei uliyolipa mtandaoni, unadaiwa ukifika. Kwa fleti ya kupangisha ya watalii ni euro 8 kwa usiku kuanzia Aprili hadi Oktoba, kwa hoteli za kawaida inategemea nyota. Ziweke pembeni kabisa, msije mkagombana na mwenye nyumba mlangoni kama mume wangu.

La pili ni samaki. Kwenye menyu, samaki wakubwa wameandikwa bei ya kilo, si ya sahani. Mimi niliona 65, nikajua ndiyo hiyohiyo, kubwa lakini tuko likizo. Mhudumu akanipeleka ndani kwenye barafu nichague, nikamwonyesha mwekundu mmoja mnono kama changu wa Tanga. Kilo moja na gramu mia nne. Euro 91 kwa samaki mmoja! Sikusema neno, nilikula mpaka macho yake. Kwa hiyo: samaki apimwe mbele yako, na uambiwe jumla kabla hajakwenda jikoni. Halafu wale waliogandishwa kisheria wanawekewa alama, herufi tatu za "κατ." au kinyota. Wa bei nafuu na watamu ni wale wadogo wanaokaangwa wazima, gavros, kama dagaa wetu wakubwa. Unakula na kichwa.

Kingine nisisahau: saa tisa mchana hadi saa kumi na moja na nusu ni saa za kulala, na zimo kwenye sheria. Kijiji kinakufa. Usipige muziki, usimpigie simu mwenye nyumba kuuliza nywila ya intaneti. Siku ya kwanza nilijiona kama nimefungiwa. Siku ya tatu nililala hadi magharibi, nikaamka sijui ni siku gani. Mara ya mwisho kulala hivyo ni kabla sijazaa.

Kukodolewa macho: wanatazama, ndiyo, ni kijiji. Bibi mmoja aliniuliza kwa ishara kama nywele za binti yangu zinauma zikisukwa. Hakuna aliyetutendea ubaya.

---

Kutoka: Bi Mkubwa, Croydon

Mama Watatu, nakujibu la viza maana yaliyonipata sitaki yakupate.

Wewe mwenye pasi ya Kenya unahitaji viza ya Schengen, ile ya pamoja ya nchi za Ulaya, Ugiriki ikiwemo, hata ukiwa na ukaazi wa Uingereza, na mume kuwa na pasi yao hakukusaidii siku hizi. Ada ni euro 90, juu yake kuna gharama ya wakala anayepokea makaratasi. Unaruhusiwa kuomba miezi sita kabla, na isiwe chini ya siku 15. Usihesabu hizo siku 15. Kazi ni kupata miadi, nayo kuelekea kiangazi ni ya kuwindwa usiku wa manane. Bima ya safari iwe ya kufidia angalau euro 30,000. Uoneshe pa kulala, tiketi, barua ya mwajiri na taarifa za benki.

Mimi niliomba mwezi mmoja kabla. Pasi ilirudi siku mbili baada ya ndege kuondoka. Familia ilikwenda, mimi nikabaki Croydon natumiwa picha za pweza.

Walio na vibali vya ukaazi vya Ujerumani, Uholanzi na kwingineko ndani ya Schengen hawana haja ya viza, siku 90 ndani ya 180. Lakini kadi iwe mkononi pamoja na pasi, na kila mtoto na yake.

---

Kutoka: Kaka wa Malmö

Salaam. Naomba niulize lile ambalo wote mnalizunguka. Chooni kuna maji?

---

Kutoka: Dada wa Stuttgart

Hahaha. Kaka, shatafa hakuna. Nenda na kopo lako, au chupa ile ya kubinya. Na kuna jambo la pili litakalokushangaza: karatasi haitupwi ndani ya choo, inawekwa kwenye kidebe pembeni, maana mabomba yao ni membamba. Kibao kimebandikwa ukutani. Sisi wa kopo tuna nafuu kuliko Wajerumani kwa hilo.

---

Kutoka: Kaka wa Malmö

Nimeelewa. Basi nami nichangie, nilikwenda Stoupa Juni iliyopita.

Halali: nyama achana nayo. Mishikaki yao kwa kawaida ni nguruwe, na nyama ya kusaga mara nyingi imechanganywa. Jifunze maneno mawili, "horis hirino" ni bila nguruwe, "horis krasi" ni bila mvinyo. Hilo la pili ni muhimu kwa pweza, kuna anayechomwa na kuna anayepikwa ndani ya mvinyo. Vya kula havikosekani. Majani ya porini yaliyochemshwa, mafuta ya zeituni na ndimu juu, wanayaita horta, fikiria mchunga. Maharage meupe makubwa kwenye nyanya. Na bamia! Niliiona kwenye menyu, "bamies", nikadhani macho yananidanganya. Bamia ni bamia, na wali wao wa kukaanga ni "pilafi". Nilimwambia mwenye mgahawa kwetu ni bamia na pilau, akaita mkewe atoke jikoni aje asikie.

Mezani nyigu hawakosekani, hasa samaki akifika. Mzee mwenye mgahawa akaleta kisahani, akamwaga unga wa kahawa, akauwasha kwa kiberiti. Ukafuka taratibu kama chetezo, na nyigu wakaondoka. Nilikaa pale nikinusa kahawa inayoungua nikamkumbuka bibi na udi wake.

Tahadhari moja ya lugha: "ndiyo" kwao ni "ne", inasikika kama wanakataa. Na wakikataa hawasemi, wanarusha kichwa nyuma, wanainua nyusi na kutoa kijisauti cha ulimi. Niliuliza kama basi limeshapita, mzee wa watu akanifanyia hivyo, nikajua nimesonywa. Nikaondoka na hasira zangu. Kumbe kaniambia halijapita, na kweli, lilinipita mimi njiani.

Ufukwe wenyewe ni mali ya umma. Miavuli na vitanda unakodi ukitaka, na tangu sheria ya 2024 wenye vitanda hawaruhusiwi kujaza ufukwe, nusu ibaki wazi na wakae mita nne toka majini. Tandika khanga yako, hakuna wa kukufukuza. Vaa viatu vya maji penye miamba, wapo wale viumbe wa baharini wa miiba mieusi.

Baba Mkubwa, usiwachukie Wagiriki. Babu yangu alikata mkonge kwenye shamba la Mgiriki kule Tanga. Kwetu "kwenda kwa Mgiriki" ilikuwa kwenda kazini saa kumi na moja alfajiri. Mimi nimekwenda kulala hadi saa nne. Nimemlipia babu deni.

---

Kutoka: Baba Mkubwa, Rotterdam

Hilo la babu nimelipokea. Hayo mengine bado natafakari.

---

Kutoka: Mama Watatu, Leicester
Septemba 2025

Shikamooni tena. Tumerudi juzi, nimeungua mabega sikutegemea kabisa.

Bi Mkubwa, viza niliomba Mei, ikatoka baada ya wiki tatu, Mungu akulipe. Dada, kona niliziona. Alitapika baba yao. Samaki tulimpima kwanza, mume wangu akasimama juu ya mizani kama afisa wa forodha.

Nina moja la kuongeza ambalo hamkulisema, labda kwa kuwa nyote mmezoea. Siku ya kwanza Stoupa nilitandika khanga juu kabisa, karibu na ukuta, viatu nikavipandisha juu ya jiwe. Bibi mmoja wa Kigiriki, kofia kichwani, amekaa ndani ya maji hadi kiunoni kama yuko sebuleni, ananiashiria nisogee. Nikamwonyesha kwa mkono, maji yatakuja. Akacheka. Nikangoja. Saa sita, saa nane, saa kumi, maji yako palepale. Hayajai, hayapwi, ni kama sahani! Jioni mwanangu mdogo aliacha ngome yake ya mchanga hatua tatu toka majini, akalia kwamba bahari itaila. Asubuhi tukaikuta imesimama, na kijiti cha aiskrimu juu yake. Aliiongeza vyumba siku tano. Mimi nililala pembeni yake bila kuangalia saa wala mwezi, sikuwahi kufanya hivyo ufukweni maisha yangu yote.

Shangazi alipiga simu siku ya nne. Nilimwambia niko kazini.

Baba Mkubwa, nimekuletea chupa ya mafuta ya zeituni, lita moja, toka kwa mwenye nyumba wetu. Uje uichukue mwenyewe. Mimi masanduku ya zawadi nimestaafu.