Rais Amani Karume wa Zanzibar anaondoka: tumkumbuke kwa Januari 2001 au kwa Novemba 2009? Na anaekuja tumdai nini kwanza?

MtuWaWete – 14 Septemba 2010

Assalaam alaykum Wazanzibari wenzangu, na Idi njema kwa ambao hatujapeana mkono.

Nna suali linanisumbua toka Ramadhani, kila tukikaa barazani baada ya tarawehe ndo mjadala wenyewe na hatujapata jawabu mpaka leo. Rais Karume anamaliza miaka yake kumi. Aliapishwa tarehe 8 Novemba 2000 baada ya uchaguzi ambao sote tunajua ulivokuwa, kura zikarudiwa majimbo 16 ya mjini na CUF, chama cha upinzani, wakasusia, na hata miezi mitatu haijatimia ikaja Januari 26 na 27, polisi wakawapiga risasi waandamanaji wa CUF, Ijumaa mjini Unguja, Jumamosi huku kwetu Pemba. Watu zaidi ya 30 wamekufa na zaidi ya 2,000 wamevuka bahari kukimbilia Shimoni, Kenya. Nchi yetu ikatoa wakimbizi kwa mara ya kwanza toka vyama vingi virudi, na wengi walikuwa watu wa hapa kwetu, Wete, Micheweni na Konde.

Halafu ni mtu huyo huyo, tarehe 5 Novemba mwaka jana, amemkaribisha Maalim Seif, kiongozi wa CUF, Ikulu wakazungumza wawili bila ya msuluhishi kutoka nje, bila ya Jumuiya ya Madola, bila ya balozi yoyote. Karibu miezi tisa baadae tukapiga kura ya maoni, 66.4% Ndiyo, na sa hivi katiba imeshabadilishwa, atakaeshinda na atakaeshindwa wataunda serikali pamoja.

Sasa mie nitoe ushahidi wa nyumbani kwangu. Nlikuwa na ami yangu, CCM wa kufa, na kijijini kwetu nyinyi mnajua ilivokuwa tokea 95, mtu wa chama kile hendi dukani kwa mtu wa chama hichi, hapandi gari yake, harusini haendi na maziko pia haendi. Mke wa ami alipofariki, miaka ile ya mwanzo, tulobeba jeneza tulikuwa wachache mpaka tukabadilishana bega wale wale njia nzima. Mie nimo kwenye waliobeba kwa sababu ya damu tu, si kwa sababu nlikuwa na moyo mzuri kuliko wenzangu, na hilo linaniuma. Ami mwenyewe kafariki mwezi wa Mei mwaka huu. Wallahi msikiti ulijaa watu wakasalia nje juani, na walochimba kaburi ni watu ambao miaka 15 hawakumuamkia. Hakuna kilichobadilika kijijini ila wale wakubwa wawili wameshikana mikono.

Kwa hivo nakuulizeni, na naomba tusitukanane. Kipi kinakaa mbele? Na la pili, wagombea wakubwa wote wawili ni Wapemba, Dk. Shein wa CCM, mtu wa Chokocho Mkoani, na Maalim wa CUF, mtu wa Mtambwe, kwa hivo vovote iwavo tutapata Rais wa mwanzo wa Zanzibar aliezaliwa Pemba. Mwataka aanze na nini?

---

Kusini_Makunduchi – 14 Septemba 2010

Waalaykum salaam. Mie nitasema ukweli wangu, nimepiga kura ya HAPANA tarehe 31 Julai na sioni haya, tulikuwa 33.6% si watu wachache. Lakini Karume namhishimu na ntakwambia kwa nini.

Kwanza hilo la 2001, polisi ni jambo la Muungano, Rais wa Zanzibar hana amri nao, sasa kumbebesha yeye peke yake ule mzigo mie naona si haki. Pili tuangalie na kazi jamani. Malaria. Mie nna watoto wanne, wawili wa mwanzo kila mwezi tulikuwa tuko nao hospitali usiku, hawa wadogo hawaijui malaria, toka dawa mpya za mseto zianze 2003 na vyandarua na kupulizia majumbani imekaribia kwisha, sa hivi ukimpeleka mtoto ana homa wanampima wanakwambia tafuta sababu nyengine. Hilo watu hawalitaji kwa sababu mtoto aliepona hatangazwi. Na nyinyi Pemba mwaka huu mmeletewa umeme wa waya wa chini ya bahari kutoka Tanga, miaka yote mlikuwa na majenereta ya Wesha tu. Norway wametoa pesa, ndio, lakini serikali ndio iloomba ikasimamia.

Kwa nini nimesema Hapana? Si kwa chuki. Nlijiuliza vyama vyote viwili vikiingia serikalini nani atakaekaa Baraza la Wawakilishi akaiuliza serikali pesa zimekwenda wapi? Waziri wa CUF na waziri wa CCM wakikosea pamoja nani atasema? Hakuna alonijibu mpaka leo, naambiwa tu "amani kwanza".

Anaekuja mie namtaka aje Kusini atazame ufukwe. Mahoteli yamejaa Paje, Jambiani, Bwejuu, na kijana wa pale pale kazi anayopata ni kulinda geti la usiku. Hatuna lugha, hatuna mafunzo, sawa, basi skuli ya kufundisha kazi za hoteli ijengwe huku huku.

---

Shimoni2001 – 15 Septemba 2010

Nimesoma hapo juu nimekaa kidogo kabla sijajibu ili nisije nikasema vibaya.

Ndugu wa Makunduchi, ni kweli polisi ni wa Muungano, lakini siku ile walipigwa raia wa Zanzibar ndani ya ardhi ya Zanzibar, na Zanzibar ilikuwa na Rais wake, na tulosubiri kusikia ni neno moja la huruma kutoka kwake. Kaka yangu alitoka kwetu usiku na shati alilolivaa, kapanda mashua na watu ambao wengine hawajui kuogelea, kafika Shimoni, kutoka Shimoni wakapelekwa kambini Dadaab. Wengi walirudi baada ya Muafaka wa Oktoba 2001, yale makubaliano ya CCM na CUF. Yeye hakurudi, kaenda na wenzake Mogadishu. Fikiria mwanangu, mtu wa Zanzibar anakwenda kutafuta salama Somalia. Bi mkubwa wangu mpaka leo kila Idi anamuwekea sahani.

Mie kura yangu ya maoni nimepiga Ndiyo. Na siku ile mkutanoni Kibandamaiti, Novemba 7 mwaka jana, Maalim aliposema tunamtambua Karume kuwa ni Rais, watu wakazomea, mie nlikuwepo na nimezomea vilevile. Nlirudi nyumbani nikamuhadithia bi mkubwa nikidhani atanipa haki, akanambia "mie namtaka mwanangu, akija kwa kumtambua au kwa kutomtambua, alimuradi aje". Basi. Toka siku ile nikanyamaza.

Lakini kusameheana kunataka mtu ajue anasamehe nini. Kuliundwa Tume ya Mbita kuchunguza mauaji yale ya Januari, ripoti ikatoka 2002, na Muafaka ulisema waloathirika wasaidiwe. Ninalomdai anaekuja, awe Shein awe Maalim, ni majina ya waliokufa yasomwe hadharani kwa hishima na familia zikumbukwe. Sitaki mtu afungwe. Nataka siku hiyo itajwe kuwa ilikuwepo.

---

BiMlandege – 15 Septemba 2010

Nyote mnazungumza siasa kubwa kubwa na mna haki, lakini na sisi wa mjini tuna letu. Tarehe 10 Disemba mwaka jana umeme umekatika Unguja nzima mpaka mwezi wa Machi. Miezi mitatu. Na 2008 tulikuwa tumeshakaa gizani karibu mwezi mzima. Kisiwa chote hichi, mahoteli, hospitali, pampu za maji, vyote vinaning'inia kwenye waya mmoja mkongwe wa kutoka bara kuingia Fumba.

Mie nauza barafu na juisi za ukwaju, ndio nnaosomeshea watoto. Friji mbili zimekaa kabati za nguo miezi mitatu. Maji nayo hakuna kwa sababu pampu hazendi, tunaamka saa tisa za usiku kupanga ndoo kisimani, na alie na jenereta anakuchajia simu kwa shilingi mia tano. Ada za skuli ya mtoto nimelipa kwa kuuza bangili ya marehemu mama. Sikulaumu mtu mmoja, waya umezeeka toka 1980 na marais wote wameukuta na kuuacha. Ila mtu akitaka kura yangu anambie umeme wa Unguja utakaa juu ya nini waya ule ukifa tena, ndo kwanza tunyanyue bendera.

Kuhusu Karume, mie nampa maridhiano. Nimeolewa Pemba, mzaliwa wa Mlandege, nyumba yetu kila uchaguzi ilikuwa inagawika vyumba, mashemegi wanakula kwa zamu. Mwaka huu tumefutari sahani moja. Kwangu mie hilo linatosha kumuombea dua.

---

MchumaKarafuu – 16 Septemba 2010

Nko Kengeja. Nataka kulijibu lile la "Rais wa kwanza Mpemba" kwa sababu naona watu wamelifurahia sana na mie linanitia khofu. Kuzaliwa Pemba si kazi. Dk. Shein ni mtu wetu, mpole, msomi, hana makuu na hatujasikia kashfa yake, lakini toka Julai 2001 ni Makamo wa Rais wa Muungano, miaka tisa yuko upande wa pili. Wazee wa Pemba 2008 walipoandika barua Umoja wa Mataifa wakisema wamechoka, bora Pemba ijitawale peke yake, wakakamatwa, yeye alikuwa mkubwa serikalini. Wale wazee hawakuwa wendawazimu. Walikuwa watu wazima waloona hakuna sikio linalowasikia.

Mie dai langu ni karafuu na siondoki hapo. Karafuu nyingi za nchi hii zinatoka Pemba, na kisheria huna ruhusa kumuuzia mtu yoyote isipokuwa shirika la serikali. Bei wanapanga wao. Mchumaji unamlipa, majamvi unanunua, anaepanda juu ya mkarafuu akianguka ndo kaanguka, mvua ikikukuta umeanika imekula kwako, halafu unapeleka unapewa bei ambayo mwenzio alievusha kwa magendo usiku kwenda Kenya anaicheka. Kisha tunaambiwa magendo ni uhaini! Lipa bei ya haki uone kama kuna mtu atahatarisha roho yake na mashua baharini. Karume hakuligusa hili miaka kumi, na mikarafuu mingi tunayochuma ni ile ile ya mababu, hakuna aliepanda kwa sababu haina tamaa.

Na masheha, wale wakubwa wa serikali mitaani. Maridhiano yako Ikulu lakini hayajafika kwa sheha. Mtoto wangu kafika miaka 18, kazaliwa hapa, kasoma hapa, sheha wa shehia moja huku (sitaji) kamzungusha barua ya kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi mpaka uandikishaji ukapita, na bila ya kitambulisho hicho huandikishwi. Kwa hivo Oktoba 31 mie nakwenda kupiga kura na mwanangu anabaki kitako. Rais mpya aanze hapo, kwa sheha.

---

Kusini_Makunduchi – 16 Septemba 2010

Shimoni2001 nimekusoma mara mbili. Nilikuwa sijui kuhusu kaka yako, na kusema kweli sikuwahi kuzungumza na mtu ambae ndugu yake alivuka. Hilo la majina kusomwa mie naliunga mkono na wengi wa huku wangeliunga mkono kama wangeambiwa hivo ulivosema wewe.

MchumaKarafuu, huku wapo pia walionyimwa vitambulisho usidhani ni Pemba tu, ila huko kwenu mmezidi.

---

MtuWaWete – 17 Septemba 2010

Ahsanteni sote. Kusini_Makunduchi suali lako la nani ataihoji serikali mie sina jibu lake na naona ni suali la haki kabisa, wawakilishi wetu inabidi tuwaulize kabla ya uchaguzi si baada.

Kitu kimoja nimekifikiri baada ya kukusomeni. CCM walipokaa Butiama Machi 2008 wakasema ati kwanza iwepo kura ya maoni, sisi tulikasirika, tukasema wanaua mazungumzo ya CCM na CUF. Na walikuwa wanayaua kweli kwa wakati ule. Lakini kura ile ile ndo ilotupa maridhiano yenye mizizi, maana si makubaliano ya watu wawili tena, ni watu wamesema. Karume akishuka hakuna anaeweza kusema yale yalikuwa yake yeye na Maalim. Kwa hilo mie namuweka Novemba 2009 mbele, na Januari 2001 haifutiki, inabaki pale pale kwenye jina lake. Mwanzoni mwa mwaka huu watu wa CUF wenyewe walikuwa wanasema aongezewe muda, wale wale! Mie nashukuru haikuwa hivo. Anaondoka kwa tarehe yake.

---

MtuWaWete – 4 Novemba 2010

Narudi hapa kwa sababu nliwaahidi baadhi yenu.

Mumesikia matokeo yalotangazwa hoteli ya Bwawani. Shein 179,809, Maalim 176,338. Tafauti kura 3,471 nchi nzima, 50.1 kwa 49.1. Miaka ilopita tafauti kama hiyo tungelikuwa sasa tumeshafunga milango na kusikiliza magari ya vikosi. Mie siwadanganyi, roho iliniuma, nlimtaka Maalim, na vijana wa hapa wapo walolia kweli kweli. Kisha tukamsikia mwenyewe anakubali, mbele ya Shein, na jana Shein kaapishwa uwanja wa Amaan.

Usiku wa kuamkia jana nimekwenda dukani kwa mtoto wa ami, yule mrithi wa CCM. Duka lilikuwa wazi saa nne za usiku. Nimenunua sukari na mishumaa, nikamwambia hongera, akanambia "hongera ya nini yakhe, tumeshinda sote kwa kura elfu tatu, kaa unywe kahawa". Nikakaa.

Shimoni2001, bi mkubwa anasemaje, kaka kapiga simu?

---

Shimoni2001 – 5 Novemba 2010

Kapiga jana. Kauliza nauli ya meli ya Mombasa siku hizi ni kiasi gani.