Naomba ushauri: wazee wanakuja Worthington kutoka Mwanza

Ndugu zangu, habari zenu. Naishi Worthington, mji mdogo wa wakazi wapatao 14,000 kusini-magharibi mwa Minnesota, Marekani, uliojengwa kando ya ziwa Okabena katikati ya nyanda za mahindi na soya. Septemba nawatarajia baba mdogo na mama mdogo kutoka Mwanza, na nimeuchagua mwezi huo kwa sababu ndipo mji huadhimisha sikukuu ya bata mzinga, ambapo bata mzinga wetu hushindanishwa mbio barabarani na yule wa Cuero, Texas. (Sijui nitamwelezaje baba mdogo jambo hilo akaniamini.)

Tatizo langu ni siku za kawaida: nafanya kazi zamu ya usiku, wao hawaendeshi gari, na ziwa lenyewe, kwa mtu aliyezoea kulitazama Ziwa Victoria kutoka Capri Point, litaonekana bwawa. Wenzangu mliokwisha kupokea wazee katika miji ya namna hii, mlifanya nini ili wasishinde ndani wakichungulia dirishani? Niwapeleke mapema Sioux Falls, jiji la jimbo jirani la South Dakota, mwendo wa saa moja hivi kwa gari, wakapate watu wa kuzungumza nao Kiswahili, au niwaache kwanza watembee taratibu ufukweni? Na makoti, niyanunue kabla hawajafika?