Steringi kafa, nikazima TV: ilikuwa muvi au sizoni gani? Watu wa Mwanza na visiwani tupeane uzoefu

Jiwe la Igoma
Wakuu, habari za muda huu. Nimemaliza Squid Game msimu wa tatu. Najua nimechelewa, imetoka tangu Juni 2025, lakini bando halina huruma. Nina hasira hadi sasa.

Sisi tuliokulia vibanda umiza vya Igoma na Mabatini tuna katiba ya kifungu kimoja: steringi hafi. Steringi anapigwa, anatupwa mtoni, anafukiwa na kifusi, mnasikitika kidogo, halafu mkono unachomoza. Sasa huyu Gi-hun, namba 456, mtu tuliyemfuata tangu Septemba 2021, alishinda mara ya kwanza akazikimbia hela zake mwenyewe, akarudi kwa hiari yake kulipiza, na mwisho anajiachia kutoka juu ili mshindi awe kitoto kichanga. Kichanga! Kimezaliwa humo humo mchezoni, shingo haijakaza, ndicho bilionea. Halafu kwa kutukoga wanatuletea Cate Blanchett huko Los Angeles anacheza kile kimchezo cha kupigiza vibahasha chini, maana yake biashara inahamia Marekani.

Nilizima simu nikatoka nje kuangalia mawe.

Haya, wewe steringi gani alikufa ukashindwa kula? Na msiniletee habari za "ndio uhalisia". Uhalisia ninao nyumbani kwangu, ndiyo maana naangalia muvi.

Bint wa Pasiansi
Mkuu una roho mbaya. Mimi ndio kwanza nipo msimu wa pili.

Jiwe la Igoma
Dada, kichwa cha uzi kinasema steringi kafa. Uliingia kutafuta nini, bei ya sato?

Bint wa Pasiansi
Nilidhani unaongelea za zamani! Kitoto tena? Kitoto cha nani?

Jiwe la Igoma
Sikwambii sasa.

Sangara Mbichi
Cha 222.

Bint wa Pasiansi
Mungu anawaona.

Mzee wa Mwaloni
Vijana mwangaluka. Nyie mmeanza kulia jana. Sisi tulilia na Sholay, ya mwaka 1975, tukiwa tumekaa chini mbele kabisa, shingo juu. Amitabh anarusha sarafu, anamwambia mwenzake aondoke yeye abaki kulinda daraja. Anabaki, anakufa. Baadaye mwenzake anaiokota ile sarafu, kumbe pande zote mbili ni sawa. Kila alipoirusha alikuwa ameshaamua. Ukumbi mzima kimya, halafu mtu mmoja nyuma akapiga kelele "mwizi wewe!" huku analia. Sijaona mwandishi wa Netflix aliyewahi kuifikia ile sarafu.

Dogo wa Nyegezi
Shikamoo mzee, ila naomba kurekebisha. Steringi wa Sholay ni Dharmendra, na hafi. Amitabh ni rafiki wa steringi. Rafiki wa steringi anaruhusiwa kufa, ipo hata kwa Commando.

Mzee wa Mwaloni
Marahaba. Wewe umezaliwa lini?

Dogo wa Nyegezi
2001.

Mzee wa Mwaloni
Basi kaa.

Kambale Mkavu
Dogo ana hoja ujue. Tukianza kumhesabu kila anayekufa kwa uzuri kuwa ni steringi, uzi hautaisha.

Mama Wawili, Buhongwa
Mnaongelea za kuigiza. Mimi steringi wangu alikufa kweli. Tarehe 7 Aprili 2012, Jumamosi, kesho yake Pasaka. Nilikuwa nasukwa pale Mabatini, redio imewashwa, wakatangaza Kanumba amefariki. Msusi akaacha mikono yake kichwani kwangu, hakuitoa na hakusuka. Tukakaa hivyo. Mteja mwingine akasema labda ni matangazo ya muvi mpya, maana alishazoea kufa na kufufuka kwenye sidii. Tukasubiri redio iseme ni muvi.

Kijana wa Shinyanga yule, wa kwetu huku, miaka 28 tu. Nilirudi nyumbani nimesukwa upande mmoja. Tangu siku hiyo muvi zake naziangalia, lakini ile sehemu akilazwa hospitali napeleka mbele.

Ng'wana Kisesa
Dah. Hii imenikumbusha mbali. Kule kwetu kuna mtu alinyoa upara.

Sangara Mbichi
Game of Thrones. Nilipewa flash na jamaa kazini, akaniambia steringi ni huyu mzee Ned Stark. Nikampenda, nikaanza hadi kuongea taratibu kama yeye. Episodi ya tisa ya msimu wa kwanza, shingo chini. Nikamfuata jamaa asubuhi nikamrudishia flash yake. Akaniambia endelea, kuna mwanawe. Nikaendelea. Mwanawe naye harusini. Nikarudisha flash mara ya pili.

Kokoro la Ukerewe
Mkuu Jiwe, umenigusa penye kidonda na hiyo katiba yako. Ngoja niwape kisa.

Miaka hiyo nilikuwa kambi ya dagaa, kisiwa sikitaji, upande wa Ukerewe. Anayejua dagaa anajua: giza ndio kazi, mbalamwezi ndio likizo. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawaifuati karabai, mitumbwi inalala pwani na wanaume wote mfukoni wana hela na hawana pa kwenda. Hapo ndipo banda linajaa. Lilikuwa la mabati na turubai, TV ya chogo, deki moja, jenereta nje, mabenchi ya mbao za mitumbwi iliyokufa, ukikaa vibaya unainuka na msumari. Kiingilio shilingi 200. Mwenye banda alikuwa mtafsiri pia, mtoto wa Lufufu, yule mtafsiri maarufu wa muvi, wa kujitangaza: kipaza sauti kimefungwa kwa mpira wa baiskeli, anatafsiri papo kwa papo, na Kiingereza chake kilikuwa kama changu.

Tukaletewa Prison Break. Aisee. Kambi nzima ilihamia Fox River. Mtu amejichora ramani ya jela mwilini ili aingie kumtoa kaka yake anayesubiri kunyongwa! Kuna kijana pale alichora ramani ya kambi mgongoni kwa kalamu ya bluu, tajiri akamuuliza unatoroka deni langu? Tukaenda nayo mbalamwezi kwa mbalamwezi hadi sahani ya mwisho ya msimu wa nne. Siku hiyo hadi wanawake wa kuanika dagaa walilipa.

Mwisho kabisa wanakwenda mahali wametulia, wamebeba maua, kamera inashuka: jiwe la kaburi. Limeandikwa Michael Scofield. Na hapo hapo sahani ikaganda.

Jamaa akaitoa, akaifuta kwa pindo la fulana. Ikaganda. Akapaka dawa ya mswaki, akasugua kwa kidole kutoka katikati kwenda nje kama anavyopaka mtoto mafuta, akaosha kwa maji ya chupa, akapuliza. Ikaganda pale pale, kaburi linatuangalia. Mtu mmoja nyuma akasimama akasema kwa upole kabisa: "Tunaomba hela zetu, steringi hafi." Wa pili akasimama. Wa tatu alisimama na kasia, sijui aliingia nalo saa ngapi.

Jamaa akazima deki. Kioo kikabaki bluu. Akashika kipaza sauti akasema: "Tulieni ndugu zangu. Nyie ni watu wa Kanda ya Ziwa, mnaona kaburi mnaamini? Humo ndani umezikwa mgomba."

Banda likanyamaza.

"Scofield amechukuliwa. Wakubwa wamemchukua, wanamtumikisha, yuko gerezani mbali huko Uarabuni, jina wamembadilisha. Mke wake hajui. Kaka yake ndiye atakayekwenda kumtoa, kwa sababu deni la ndugu halifi." Akaendelea hivyo, kioo ni bluu tupu, anaigiza sauti zote, milango ya jela anagonga bati. Yule wa kasia aliketi. Wanawake walikuwa wanalia. Tulitoka pale tumeridhika kuliko siku zote.

Nimekuja mjini nikawasimulia watu, nikachekwa Kirumba nzima. Wananiambia wewe mvuvi, Scofield alikufa kwa umeme akimtorosha mke wake, kuna hadi muvi yake. Nikaitwa Mgomba. Jina likanikaa miaka.

Aprili 2017 Prison Break inarudi, msimu wa tano. Scofield yuko hai. Yuko gerezani Yemen. Anaitwa jina lingine. Kaka yake, Lincoln, ndiye anayekwenda kumtoa.

Dogo wa Nyegezi
WEWE.

Ng'wana Kisesa
Nimesimama dukani nacheka peke yangu, mteja ameondoka.

Bint wa Pasiansi
"Humo ndani umezikwa mgomba" 😂😂 nimekusamehe hata wewe Jiwe.

Kambale Mkavu
Mgomba naamini. Kubadilishwa jina naamini kwa shida. Uarabuni hapo umetia chumvi leo hii wakati unaandika.

Kokoro la Ukerewe
Kama ulikuwepo sema ulikaa benchi gani.

Kambale Mkavu
Sikuwepo, lakini nina akili.

Mvuvi Mstaafu
Mimi nilikuwepo. Banda nalijua na jamaa namjua. Ya mgomba ni kweli tupu. Uarabuni... nadhani alisema Kongo. Na kasia lilikuwa la kwangu, liliazimwa, halikurudi.

Kokoro la Ukerewe
Kongo ilikuwa siku nyingine, ile ya Jack Bauer, steringi wa sizoni ya 24. Msichanganye.

Sangara Mbichi
Jamaa yuko wapi sasa? Apelekewe Squid Game aimalizie vizuri.

Mvuvi Mstaafu
Sijui. Simu janja zilipoingia kambini banda likafa. Sasa kila mtu na kioo chake kitandani, mbalamwezi kambi nzima imenuna.

Baba Jose, Nyakato
Nitoke kidogo nje ya mada. Mmeangalia Adolescence? Ni ya Uingereza, 2025, episodi nne tu, na kila moja imepigwa bila kukata kamera hata mara moja. Mtoto wa miaka 13 anakamatwa kwa kumuua mwanafunzi mwenzake. Kitu kilichoniweza siyo polisi wala mahakama. Ni yule baba mwishoni, Stephen Graham, anaingia chumba cha mwanawe anakaa kitandani. Alikuwa baba mzuri, hakumpiga, alimnunulia kompyuta, akadhani mtoto akiwa chumbani kwake yuko salama. Mimi wangu ana 14, mlango anafunga saa mbili usiku. Nilimaliza, nikaenda kugonga mlango wake, nikaulizwa "baba kuna nini?" nikasema nilitaka kujua kama umekula. Alikuwa amekula, tulikula wote.

Dogo wa Nyegezi
Mkuu mada ni steringi kufa.

Mama Wawili, Buhongwa
Dogo muache. Ukizaa utajua hiyo inaingia kwenye mada au haiingii.

Ng'wana Kisesa
Baba Jose mng'oe bawaba mlango wake. Mimi nilifanya hivyo.

Baba Jose, Nyakato
Ikawaje?

Ng'wana Kisesa
Ameweka pazia zito.

Mtu wa Sengerema
Mimi ni za Kituruki, hizi za sauti ya Kiswahili. Ertugrul misimu mitano hafi, nikaamini hapa nimefika. Nikaingia ya mwanawe Osman, huko ndiko anakofia. Zamani nilikuwa naziangalia foleni ya kivuko Kigongo, unamaliza episodi mbili gari halijasogea. Tangu daraja lifunguliwe Juni mwaka 2025 episodi moja haiishi, umeshafika Busisi. Maendeleo yana gharama zake.

Mzee wa Mwaloni
Huyo Ertugrul amekufa kwa uzee. Hiyo siyo kufa, ni kustaafu.

Fundi Simu Makoroboi
Ushauri wa bure: angalieni episodi ya mwisho kwanza. Mimi mteja akileta simu kuwekewa sizoni namwambia kabisa, huyu anakufa, huyu anaoa. Anachagua akiwa anajua.

Bint wa Pasiansi
Kumbe ni nyie!

Sangara Mbichi
Bora usianze kabisa sizoni mpaka iishe yote, uulize waliopona.

Kambale Mkavu
Bora muache sizoni mlale. Na Squid Game mwisho wake ni mzuri, nasema. Jamaa aliingia mchezoni ana madeni, hana heshima hata kwa mama yake, ametoka binadamu. Mlitaka ashinde tena ili iweje, arudi msimu wa nne?

Jiwe la Igoma
Ndio, arudi. Tatizo lako liko wapi?

Kambale Mkavu
Tatizo langu ni kwamba mnataka mgomba kila mahali.

Kokoro la Ukerewe
Sisi tuliolipa 200 zetu, ndio.

Dogo wa Nyegezi
Wakuu niko Igombe leo, mbalamwezi imeanza na mitumbwi yote iko juu. Kuna banda nimeliona limewashwa. Nani anajua wanaweka nini?

Mvuvi Mstaafu
Yanga wanacheza saa moja. Muvi hakuna.